Kuni Chini ya Dirisha

Nyamira,
3 Juni 2025

Kwa Bi. Asubuhi,

Salamu nyingi. Mimi ni Nehemiah Ogeto, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Bi. Samsam wa duka la uchapishaji pale Kisii mjini hunitumia miswada niipige pasi kabla haijaingia mashineni. Jina lako najua ni la kubuni, na la kweli sitaliuliza. Simu pia sitaitumia. Simu kwangu ni ya kuulizia bei ya majani chai na kutangaziwa misiba. Kazi ya vitabu naifanya kwa barua, na bahasha za Samsam zitatufikia sote wawili.

Nimesoma sura saba za *Nikungojee Suneka*. Bibi, unajua kuandika! Nimesahihisha hadithi nyingi za mapenzi, na nyingi nilizisoma huku nimekunja uso kama mtu aliyepewa dawa chungu. Yako nimeisoma mara mbili. Huyu Roselyne, fundi cherehani, anavyompima Alfayo suruali huku anajifanya anatazama barabarani! Na sura ya nne, pale wanaponyeshewa wakajibanza kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma, nilivua miwani nikaifuta. Mke wangu aliniuliza nacheka nini peke yangu, nikamwambia ni kazi.

Ila sura ya saba imenishinda. Roselyne ameolewa, amejifungua mtoto mzima, mume anampenda. Halafu analala. Wiki kumi na moja! Hana homa, hajafiwa, hajapigwa. Msomaji atauliza anaumwa nini. Mpe ugonjwa unaojulikana, au Alfayo aingie na gauni jipya kutoka soko la Daraja Mbili, amkumbatie, ainuke. Mapenzi yasipomwinua mtu kitandani, yana kazi gani katika kitabu cha mapenzi?

Nasema hivi kwa sababu jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Mke wa mwanangu mkubwa alipojifungua, alifanya vivyo hivyo hapa bomani kwetu. Tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, na kiburi nakijua nikikiona. Usimfanye Roselyne wako awe mtu wa namna hiyo, maana nimeshampenda.

Rekebisha ya saba, kisha unitumie ya nane na ya tisa. Nikitia sahihi yangu, Samsam atachapisha.

Wako katika kazi,
Mwl. Nehemiah Ogeto

*

Ogembo,
7 Juni 2025

Samsam dada yangu,

Umeniua. Katika walimu wote wa Kiswahili waliojaa Kisii na Nyamira, hukumwona mwingine wa kumpa mswada wangu ila baba mkwe wangu? Niliifungua bahasha nikautambua mwandiko. Ni mwandiko ule ule aliotuandikia baraka siku ya harusi, kila mkia wa herufi umepinda kama ndoana.

Sura ya nne ameisoma. Sura ya nne, Samsam! Wewe umezaliwa hapa Kisii, mambo ya chinsoni, haya hizi za ukweni, unayajua kuliko hata baadhi yetu. Tangu niolewe, mzee huyu hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu, kwa sababu kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tukisalimiana, anasimama kule nami huku, kila mtu anatazama migomba. Leo hii ananiambia amefuta miwani kwa ajili ya busu nililoliandika mimi.

Nilicheka, halafu nikafika kwenye neno kiburi. Nilikuwa dukani kwa mume wangu Bravin, mteja anasubiri dawa ya kupe. Nikageukia magunia ya mbolea nikalia kama mtoto.

Wewe unajua ilivyokuwa nilipomzaa Kerubo. Unajua Bravin aliwadanganya wazazi wake kwamba tunakwenda Daraja Mbili kutafuta nguo za mtumba, kumbe ananipeleka kliniki. Muuguzi akaniambia ni sonona, inawapata wengi baada ya kujifungua, na ina dawa. Nikaona aibu kubwa. Mimi ndiye niliyemwomba Bravin aseme ni vidonda vya tumbo. Vidonda watu wanakuletea maziwa, sonona wanakuletea maswali.

Sasa nina mimba ya miezi minne. Nitajifungua mwanzoni mwa Novemba, na mama mkwe amekwisha sema nikae Nyamira amwogeshe mjukuu mwenyewe. Muuguzi alinionya kwamba inaweza kurudi. Ikinirudia, nitalala katika nyumba ile ile, na watu wale wale watapita nje wakisema nina kiburi. Kuzaa hakunitishi. Kinachonitisha ni hicho.

Niurudishe mswada wangu au nifanyeje?

Rafiki yako mwenye haya,
Kwamboka

*

Kisii mjini,
9 Juni 2025

Kwamboka,

Wallahi sikujua! Akina Ogeto ni wengi hapa kama migomba, ningejuaje huyu ndiye wako? Nimecheka mpaka kaka yangu Gulled akaja mbio akidhani mashine imenibana kidole. Nisamehe. Halafu nimesoma sehemu ya pili ya barua yako, na hapo sikucheka.

Sikiliza nikwambie. Usiuchukue mswada. Hebu fikiria, ni mke gani wa mtu katika Kisii nzima amewahi kupata nafasi ya kumweleza baba mkwe ukweli bila kumtazama usoni? Yeye hajui ni wewe. Mwandikie kama Bi. Asubuhi, na uchape, usiandike kwa mkono.

Nikitaka, kitabu naweza kukichapa bila sahihi yake, mashine ni yangu. Lakini mtoto hutamzalia mashineni, utamzalia Nyamira.

Samsam

*

Kwa bahasha ya Bi. Samsam,
16 Juni 2025

Mwalimu Nehemiah,

Nakushukuru kwa kuusoma mswada wangu kwa moyo mkunjufu. Makosa uliyoyaonyesha nimeyarekebisha yote, na nimejifunza. Lakini gauni halitamwinua Roselyne. Nilijaribu kuandika hivyo, kweli nilijaribu. Aliinuka, akavaa, akacheka, nami nikamwona ni mtu mwingine kabisa.

Nina rafiki aliyepatwa na jambo hili, na ndiye aliyenieleza. Alisema si huzuni. Huzuni ina sababu, na ukilia inapungua. Hii haikuwa na machozi hata kidogo. Mtoto akilia, alimsikia kama redio ya jirani. Maji ya kuoga yalikuwa kwenye beseni, hatua nne kutoka kitandani, na alikuwa akiyatazama tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, anashindwa kuteremsha mguu mmoja. Anajua anapaswa kuamka. Anajitukana kuliko ambavyo mtu yeyote wa nje angeweza kumtukana.

Na mume wake alimpenda, Mwalimu. Yeye pia alimpenda mume wake. Watu hapo ndipo wanapokosea. Alimpenda, na mapenzi hayo hayakumfikisha kwenye beseni. Akikumbatiwa alimwonea mume huruma, kwamba amekumbatia gunia.

Kwa hiyo Alfayo wangu haji na gauni. Anafua nepi nyuma ya nyumba, majirani wasimcheke. Analisogeza beseni karibu, anamwosha mkewe miguu, hamsemeshi. Anampeleka kliniki. Kisha anangoja, na siku nyingine anachoka kungoja, anakwenda kukaa shambani peke yake. Kwangu hayo ni mapenzi makubwa kuliko lile busu la kibandani, ambalo nakuomba tusilitaje tena.

Na huyo mke wa mwanao uliyemtaja. Kuna aliyemwuliza?

Wako,
Z. Asubuhi

*

Nyamira,
27 Juni 2025

Bi. Asubuhi,

Una ulimi mkali kwa mtu anayeandika mapenzi. Nimeipenda barua yako na imenikera, vyote viwili.

Hapana, sikumwuliza. Wewe huenda ni mtu wa pwani au wa mbali, hujui desturi zetu. Mimi siwezi kuingia nyumba ya mwanangu, sembuse kuuliza habari za kitandani. Nilimtuma mke wangu, akarudi akasema msichana amegeukia ukutani. Basi nikafanya nililoweza. Kila asubuhi, saa moja, nilichukua shoka nikaenda kupasua kuni chini ya dirisha lake. Kuni tulikuwa nazo tele. Nilitaka asikie mzee wa miaka sitini na tisa anavyotoka jasho, aone haya, aamke. Hakuamka. Nilipasua mpaka mikono ikaota malengelenge, kisha mwanangu akamhamishia Ogembo na mambo yakaishia hapo.

Nimekueleza hayo ili ujue kwamba si wote tuliokaa tukitazama.

Lakini beseni lako limeninyima raha siku tatu. Juzi asubuhi nilijikuta nahesabu hatua kutoka kitandani kwangu hadi mlangoni. Ni tano. Nilisimama katikati nikajiuliza mtu anawezaje kushindwa na hatua hizi. Kitabu kilichoniweka wima katikati ya chumba namna hiyo sijasahihisha kingine.

Sura ya saba iache kama ilivyo. Nitumie ya nane na ya tisa.

Mwl. Nehemiah Ogeto

*

Ogembo,
2 Julai 2025

Samsam,

Nimekuwekea barua yake ndani ya hii. Soma pale anaposema habari za kuni, kisha uendelee hapa.

Umesoma? Sasa nikwambie nisichowahi kumwambia hata Bravin. Zile kuni ndizo zilizonishika. Mimi nilidhani anakuja kukaa nami, kwa njia pekee ambayo baba mkwe anaruhusiwa. Nilijisemea, mzee wa watu hawezi kuingia, hawezi kuniuliza hali, basi amechukua shoka amekuja kusimama karibu. Kulikuwa na asubuhi ambazo sikuona sababu ya kuendelea kuwepo, Samsam, naliandika neno hilo nalo linaniuma. Nilijiambia, ngoja kwanza shoka lilie, halafu utaamua. Likilia, nilihesabu. Likimaliza, jua lilikuwa limeshapanda, na nilikuwa ningali hai.

Sura ya tisa nzima ni yake. Nimemwandika vizuri kuliko nilivyomwandika Alfayo. Kumbe alikuwa ananisuta kwa shoka!

Jana nilitaka kuifuta. Nilichagua kurasa zote kumi na nne, kidole kikawa juu ya kitufe. Bravin akaingia na chai, akaniona, akauliza kama niko sawa, nikamwambia niko na mzee. Akatazama huku na huku akitafuta mzee. Ndipo nikacheka, na nilipocheka nikaona ukweli ulivyo. Nikifuta, nitakuwa nimesema uongo juu ya Roselyne. Roselyne alisikia alichosikia.

Naipeleka kama ilivyo. Akisoma ukurasa wa kwanza atajua mimi ni nani, na pengine hatanisalimia tena hata kwa umbali wa migomba. Nimepiga moyo konde. Umpe bahasha mkononi, usimpe mtu mwingine.

Kwamboka

*

Kwa bahasha ya Bi. Samsam,
2 Julai 2025

Mwalimu,

Pokea sura ya nane na ya tisa. Katika ya tisa kuna mzee. Nimemwandika nilivyomsikia. Kiswahili chake kisahihishe utakavyo, lakini yeye mwenyewe niachie.

Z. Asubuhi

*

Kisii mjini,
8 Agosti 2025

Kwamboka,

Bado kimya. Nilimpa mkononi kama ulivyotaka, akaniagizia soda, akanishukuru, na tangu siku hiyo sijamwona. Alikuwa hapitishi wiki mbili na mswada. Jumanne nilimtuma mtu anayekwenda upande huo, akarudi akasema Mwalimu alikuwa amekaa ghalani, karatasi magotini, na hakuwa akisoma.

Unakula? Kula. Nitakuletea mbuzi niliyempika mwenyewe.

Samsam

*

Nyamira,
19 Agosti 2025

Kwa Mama Kerubo,

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara sita. Mke wangu anasema nimemaliza karatasi za nyumba nzima.

Tuanze na jambo moja. Sura ya nne mimi sikuisoma. Ikitokea mtu akikuambia niliisoma, anakusingizia na kunisingizia mimi pia. Tumeelewana.

Ya tisa nimeisoma nimesimama ghalani, kisha nikakaa. Umeandika kwamba yule mzee alikuwa akimpasulia Roselyne asubuhi, vipande vidogo vidogo, kila kimoja kwa kadiri anavyoweza kubeba. Kazi yangu ni kutafuta makosa, nami nilitafuta kosa katika sentensi hiyo kwa wiki nzima. Sikulipata. Kosa lilikuwa kwangu mimi. Nilikuita mwenye kiburi mbele ya mgeni, na mgeni alikuwa wewe. Ulisoma hayo, ukanijibu kwa adabu, ukanitumia maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandikiwa na mtu. Nisamehe, mwanangu.

Neno sonona nimelifundisha miaka thelathini na mbili. Niliwapa watoto alama walipolitumia, nikidhani ni la kupambia insha. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki, nikasema namwulizia jirani. Muuguzi ni Abner, niliyemfundisha darasa la saba. Alinieleza karibu saa nzima. Ile habari ya jirani sidhani kama aliiamini.

Kisha nikamweleza mama mkwe wako. Aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akasema kwamba hata yeye, alipomzaa shemeji yako Mogire, alilala miezi miwili, na marehemu mama yangu akamwita mvivu. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ungefanya nini, Ogeto? Ungepasua kuni?" Miaka thelathini na moja amekaa na jambo hilo. Ameniambia kwa sababu ya kitabu chako. Nimesoma vitabu vingi, na sijaona kingine kilichofanya kazi kama hiyo kabla hakijachapishwa.

Sahihi yangu iko ukurasa wa mwisho. Nakuomba badiliko moja tu. Andika pia kwamba yule mzee alikuwa na hasira. Hukusema uongo wowote juu ya Roselyne, basi usidanganye kwa ajili yangu. Waambie kwamba alipasua kwa hasira, naye mgonjwa akasikia upendo, na kwamba mzee amechelewa miaka miwili kuujua, lakini ameujua.

Novemba njoo. Ukiweza kuamka, amka. Ukishindwa, lala, na hakuna atakayepita nje akisema neno. Mama atakuwa na mtoto. Bravin nimemwambia nepi azifulie mbele ya nyumba, majirani wamwone vizuri. Abner anajua utakuja. Mimi ndani siingii, desturi ni desturi. Lakini kisiki nimekirudisha chini ya dirisha, na shoka nimelinoa.

Baba yako,
Nehemiah Ogeto

*

Nyamira, ndani ya nyumba,
28 Novemba 2025

Baba,

Mama atakuletea karatasi hii hapo nje ulipo.

Mtoto ana wiki tatu na ananyonya vizuri. Mimi imenirudia tangu Jumatatu. Abner alikuja na dawa, nimeanza kuzinywa, anasema zitachukua muda. Kitabu kiko hapa kando ya mto wa kulalia, chenye ule ukurasa wako wa hasira, na leo siwezi kusoma hata jina lake. Beseni liko pale pale. Sijalifikia.

Leo ulipasua vipande thelathini na viwili. Ulipopumzika baada ya cha ishirini niliogopa umechoka ukaenda zako, kisha nikakusikia unakohoa.

Kesho, kama mikono haiumi, anza mapema kidogo.

Kwamboka